Kununua makadirio ya udahili: huduma ya ofisi moja ya ushauri jijini Mbeya

Mawakala wa vyuo vya nje si wageni tena jijini Mbeya, lakini ipo ofisi moja katikati ya jiji inayouza kitu tofauti kidogo na wenzake. Haimtafutii kijana chuo wala haimjazii fomu za viza, bali humpa makadirio: ana uwezekano wa asilimia ngapi wa kupokelewa na kila chuo anachokitaja, hasa vile vya Marekani vinavyochagua wachache kutoka maelfu ya waombaji. Nilimpeleka huko mpwa wangu, mwana wa dada yangu anayelima chai na kufuga ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, baada ya kijana huyo kumaliza kidato cha sita katika tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Tulilipa shilingi 150,000 na kupewa risiti ya mashine bila kuiomba, jambo ninalolitaja kwa sababu si ofisi zote za namna hii hufanya hivyo.

Huduma ina sehemu tatu: fomu inayojazwa kwenye programu ya kompyuta ya ofisi, taarifa ya makadirio iliyochapwa na kubanwa kwa spairo, na kikao cha saa moja na nusu na mshauri. Kwa maoni yangu sehemu ya tatu ina thamani kubwa kuliko fedha yote iliyolipwa, ilhali ya pili, ambayo ndiyo inayotangazwa kwa maandishi makubwa kwenye bango la nje, ingeweza kuachwa bila kijana kupungukiwa na chochote. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na huenda ndiyo maana taarifa hiyo ilinikera zaidi ya ilivyowakera wazazi wengine niliowakuta wakisubiri zamu.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini mzazi wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kushawishika kununua makadirio. Kwetu udahili ni suala la pointi. Mtihani wa Baraza la Mitihani hufanyika Mei, matokeo hutoka Julai, na tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja badala ya kupitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo huhesabu A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1 katika masomo ya tahasusi, huwapanga waombaji kwa ufaulu wao, na nafasi zinapojaa mstari hukatwa. Mzazi mwenye matokeo mkononi anaweza kukadiria mwenyewe. Vyuo teule vya Marekani havifanyi hivyo. Husoma alama, insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa na mazingira ya shule, kisha watu hukaa mezani na kuamua. Harvard na MIT hupokea chini ya watu 5 katika kila waombaji 100, na kwa waombaji wasio raia wala wakazi wa Marekani uwiano wa MIT ni mdogo zaidi ya huo. Wengi wanaokataliwa walikuwa na alama za kutosha kabisa. Katika giza la namna hiyo, mtu akikuambia kwamba mwanao ana asilimia 38, unahisi umewashiwa taa.

Tatizo la kwanza liko kwenye fomu. Inataka wastani wa alama kwa kipimo cha Kimarekani cha 0 hadi 4, na kwa kuwa shule zetu hazitoi kipimo hicho, kijana wa mapokezi huchukua cheti cha kidato cha nne na kugeuza herufi kuwa namba: A inakuwa 4, B inakuwa 3, C inakuwa 2. Mpwa wangu ana A nne, B nne na C moja ya Historia, yaani Divisheni ya Kwanza ya pointi 10 (kidato cha nne pointi chache ndizo bora), matokeo ambayo shuleni kwao yaliandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ndani ya programu ile yaligeuka kuwa 3.33, wastani ambao kwa mwanafunzi wa Kimarekani anayeomba vyuo hivyo ni wa chini.

Herufi ni zile zile, lakini hazipimi kitu kile kile. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne A huanzia alama 75, B huanzia 65, na C hubeba kila mtu kuanzia 45 hadi 64. Kidato cha sita kina ngazi zake: A ni 80 kwenda juu, B 70, C 60, D 50 na E 40. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90 na B huanzia 80, na alama hizo hutolewa na mwalimu wa darasa aliyemfundisha mtoto kwa muhula mzima, si na msahihishaji asiyemjua aliye katika kituo cha usahihishaji mbali na shule. Kulinganisha vipimo hivi viwili herufi kwa herufi ni sawa na kupima maziwa kwa futi. Wasomaji wa maombi katika vyuo vikubwa hawana haja na ugeuzaji huo, kwa maana hupokea matokeo kama yalivyo, pamoja na maelezo ya shule kuhusu ngazi za alama, na humpima mwombaji kwa kile kilichowezekana pale alipo. Ofisi ingetumia nusu saa ya fomu ile kumsaidia mkuu wa shule kuandika maelezo hayo ya ukurasa mmoja, ingekuwa imefanya jambo la maana.

Ajabu ni kwamba, baada ya kumshusha kijana kwa alama, programu ilimpandisha kwa njia nyingine. Nilipouliza asilimia 38 ya chuo kinachopokea chini ya watu 5 kwa kila 100 ilitoka wapi, nilijibiwa kwamba programu huongeza alama kwa mwombaji anayetoka katika nchi yenye waombaji wachache. Inaongeza kiasi gani, na kwa kutumia kumbukumbu za waombaji gani? Hapakuwa na jibu. Ni wazi kwamba chombo kilichotengenezwa kwa kumbukumbu za vijana wa Marekani hakina vijana wa kutosha wa Rungwe, Ileje au Ludewa wa kujifunzia. Kosa moja linavuta chini, jingine linavuta juu, na namba inayobaki katikati inachapwa kwa wino wa rangi kana kwamba imepimwa maabara.

Ukurasa wa mwisho wa taarifa ndio ulionifanya niombe karatasi ya kuandikia. Chini ya orodha ya vyuo sita, vilivyopewa asilimia 38, 35, 42, 30, 55 na 60, paliandikwa kwamba uwezekano wa kupokelewa na angalau kimoja ni asilimia 97. Hesabu yenyewe ni sahihi: ukizidisha uwezekano wa kukataliwa na kila chuo, yaani 0.62 mara 0.65 mara 0.58 na kuendelea, unapata karibu 0.03. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wangeipata. Lakini wangejua pia sharti lake, kwamba kanuni hiyo inafanya kazi pale tu tukio moja lisipoathiri wala kuashiria jingine. Faili linalokwenda vyuo sita ni moja. Insha ni ile ile, barua ya mwalimu ni ile ile, na kama kuna jambo linalomdhoofisha kijana katika chuo cha kwanza, jambo hilo hilo litakuwa mezani katika cha pili na cha sita. Vyuo sita si sarafu sita zinazorushwa kila moja kivyake. Dada yangu aliposoma 97 alianza kuuliza bei ya sanduku la safari, na sidhani kama kuna mama ambaye asingefanya hivyo.

Jambo linalomdhoofisha lilikuwepo, nalo ni fedha. Katika fomu nzima hapakuwa na swali hata moja kuhusu uwezo wa familia kulipa. Gharama ya mwaka mmoja katika chuo binafsi cha ngazi ya juu Marekani, ukijumlisha ada, malazi na chakula, sasa inapita dola 80,000, na familia ya mkulima wa chai haiwezi kuchangia hata sehemu ndogo ya hizo. Vyuo vichache hutangaza kwamba havitazami hali ya fedha ya mwombaji wa kigeni vinapoamua kumpokea, na kwamba atakayepokelewa atafidiwa pengo lake lote: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwao, na Dartmouth na Bowdoin viliingia katika kundi hilo mwaka 2022. Vingi vingine, vikiwemo vizuri sana, huangalia. Huko, mwombaji anayehitaji msaada wote hashindani na waombaji wote, bali anashindana na wale wanaogombea mfuko mdogo wa ufadhili wa wageni. Kwa hiyo chuo kinachoonekana rahisi kwa ujumla kinaweza kuwa kigumu mno kwa kijana huyu, na asilimia 60 ya taarifa ile ilikuwa ya chuo cha namna hiyo hasa, ambacho hutoa msaada wa ada kidogo tu kwa wageni.

Habari hii haifichwi popote. Vyuo vingi vya Marekani huchapisha kila mwaka waraka unaoitwa Common Data Set, unaopatikana bure kwenye tovuti zao. Sehemu ya C7 huonyesha chuo kinatia uzito gani kwenye alama, insha, barua na shughuli, na sehemu ya H6 hueleza iwapo wanafunzi wa kigeni hupewa msaada, ni wangapi waliopewa na wastani wa kiasi walichopata. Kwa mzazi wa kipato cha kawaida, H6 ndiyo ya kufungua kwanza. Ukikuta chuo kina wageni mia kadhaa na waliosaidiwa ni wachache kwa viasi vidogo, umeshajua unachotaka kujua bila kulipa senti.

Baada ya taarifa kulikuja kikao, na hapo ndipo nilipobadili mawazo kuhusu ofisi, ingawa si kuhusu programu yake. Mshauri alikuwa dada kijana, mpole, ambaye baada ya kunisalimu shikamoo Mwalimu na kuulizia safari ya Tukuyu aliisukuma taarifa pembeni, akachukua penseli na kuanza kusoma fomu ya shughuli mstari kwa mstari. Mpwa wangu alikuwa ameandika klabu ya sayansi, kwaya na mpira wa miguu. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: kusaidia kazi za nyumbani.

“Mdogo wangu, kazi zipi za nyumbani?”

“Za kawaida tu, dada. Ng'ombe. Na kuandika daftari la maziwa.”

“Daftari la nani?”

Ikajulikana kwamba kwa likizo kadhaa kijana amekuwa akishika daftari la kituo cha kukusanyia maziwa cha kijijini kwao, akiandika lita za kila kaya alfajiri kabla gari la kampuni halijafika. Dada yule hakuishia hapo. Aliuliza kama hesabu za daftari na za tangi zililingana, naye kijana, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo lisilo na maana, akasema hazikulingana mpaka walipogundua kwamba wafugaji wengine walikuwa wakisomewa kipimo povu likiwa bado juu, ndipo akachonga kijiti chenye alama na kuwaomba wasubiri povu litulie. Ugomvi wa kila mwisho wa mwezi ukapungua. Mimi mjomba wake sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Mshauri aliizungushia duara na kusema hiyo ndiyo iwe shughuli ya kwanza kwenye Common App, fomu ya pamoja ya maombi ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, juu ya klabu na kwaya. Fomu hiyo ina nafasi ya shughuli kumi, na kila maelezo hayazidi herufi 150 pamoja na nafasi zilizo katikati, hivyo walikaa wakikata maneno: wakaacha idadi ya kaya, tatizo na kilichofanyika, wakaondoa sifa zote. Kijana alipomwomba amsaidie kuandika insha kuu ya maneno 650 alikataa kwa upole, akisema atasoma rasimu na kuuliza maswali lakini sentensi zitoke kwa mwenyewe. Nimesikia wakala anayeuza insha zilizokwisha andikwa, kwa hiyo kukataa huko kulinifanya nimwamini kwa mengine aliyosema.

Ni yeye pia aliyetufungulia suala la kalenda, ambalo taarifa haikuligusa. Maombi kupitia Common App hufunguliwa tarehe 1 Agosti, ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba na ya kawaida karibu na mwanzo wa Januari, na majibu ya kawaida hutoka kufikia mwisho wa Machi. Kijana wetu anayeomba akiwa bado darasani anaomba katikati ya kidato cha sita, akiwa na matokeo ya kidato cha nne na ya ndani ya shule tu, wakati mtihani wa utamilifu na wa taifa vinamsubiri. Anayeomba baada ya Julai ana matokeo kamili, lakini miezi ya katikati ya mwaka anaweza kuwa kambini JKT, Itende au Mafinga au kwingineko, mbali na kompyuta, na atakaa mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo. Mshauri alipendelea njia hii ya pili kwa kijana wa shule ya serikali, nami nakubaliana naye.

Kisha akaongeza tahadhari ambayo peke yake ilikuwa na thamani ya safari. Dada yangu alikuwa amepanga kijana aanze shahada hapa nchini, huku akisubiri majibu ya nje, ili asikae bure. Mshauri alieleza kwamba vyuo vingi vya Marekani vina masharti mengine kwa mtu aliyekwisha kujisajili katika shahada: anaweza kuhesabiwa kuwa mwombaji wa kuhamia, na milango ya kuhamia huwa michache na ufadhili wake haba. Kila chuo kina mpaka wake, kingine hutazama kama umejisajili tu, kingine kama umemaliza mwaka, kwa hiyo masharti yasomwe kabla ya kuthibitisha udahili wa hapa.

Kuhusu SAT, mtihani ambao vyuo vya Marekani huutumia kupima waombaji, maelezo yake yalikuwa mafupi na ya kutosha. Nje ya Marekani mtihani huo hufanywa kwa kompyuta tangu Machi 2023, na baada ya miaka ya janga, ambapo vyuo vingi viliuondoa, baadhi vimeurudisha: MIT mwaka 2022, Dartmouth na Harvard mwaka 2024. Punguzo la kutolipia mtihani linalotolewa kwa wanafunzi wa Marekani halimfikii kijana wetu, hivyo nauli na ada ya mtihani viingizwe kwenye bajeti ya familia mapema.

Sehemu ya vyuo vya ndani katika taarifa ni dhaifu, na hili linashangaza kwa ofisi iliyo hatua chache kutoka kwenye Ndaki ya Mbeya ya Mzumbe na safari fupi ya daladala kutoka MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Imenakili sifa za chini za kujiunga kutoka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, na kila mwanafunzi anayezifikia ameandikiwa “uhakika”. Sifa ya chini humruhusu mtu kupanga foleni tu. Katika udaktari wa tiba Muhimbili, kwa mfano, wanaoingia huwa na ufaulu wa juu sana kuliko kiwango hicho, kwa sababu nafasi ni chache na waombaji wazuri ni wengi. Mzazi akiliamini neno lile anaweza kumwachia mtoto aombe kozi moja tu yenye ushindani mkali katika awamu ya kwanza, kisha aanze kuhangaika awamu ya pili nafasi zikiwa zimebaki za mabaki. Vilevile taarifa haikutaja Samia Scholarship, iliyoanzishwa mwaka 2022 kwa wanafunzi wa sayansi wenye ufaulu wa juu, ambayo kwa kijana wa PCM mwenye A na B si jambo la kuachwa nje.

Baada ya kikao orodha ya mpwa wangu haikufanana tena na ile ya asilimia 97. Imebaki na vyuo vichache vya Marekani visivyotazama fedha, ambavyo mshauri alisema waziwazi kwamba kwa yeyote ni vya bahati nasibu, chuo cha Ashesi nchini Ghana ambacho nacho huchagua kwa makini, na hapa nyumbani uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na MUST, vilivyopangwa kwa kufuata pointi zake.

Kwa mwenye kutaka ushauri wa vyuo vya Marekani bila malipo, kituo cha EducationUSA kilicho chini ya Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam hutoa maelezo ya aina hii, ingawa kwa mtu wa Kyela au Makete umbali ni kikwazo na si kila familia ina intaneti ya kufuatilia vikao vya mbali. Hapo ndipo ofisi hii ya Mbeya inapata nafasi yake halali. Nilimweleza msimamizi wa ofisi maoni yangu kuhusu kanuni ya asilimia 97, akayaandika, akasema programu ni ya kukodi na hawana uwezo wa kuibadilisha. Nilipouliza kama kikao kinaweza kununuliwa peke yake, alisita, kisha akasema kinawezekana kwa shilingi 60,000, ingawa hakimo katika orodha ya bei iliyobandikwa ukutani. Atakayekwenda aulizie hicho kabla ya kukaa kwenye kompyuta ya fomu, abebe nakala ya matokeo ya kidato cha nne na ya sita, ripoti za shule za kidato cha tano, na makadirio ya kweli ya kiasi ambacho familia inaweza kulipa kwa mwaka, kwa kuwa mshauri atakiuliza hata kama fomu haikuuliza. Jumamosi hufunga saa saba mchana.